Millennium Force, Fury 325 au Pantherian: uipande ipi ukiwa na safari moja tu?

Waulize watu watatu walioshuka siku moja kwenye Millennium Force, rolakosta ya Marekani, yaani treni ya burudani inayopandishwa juu kisha kuachiwa iporomoke relini. Wa kwanza atakuambia hajawahi kupanda kitu kizuri kama hicho maishani. Wa pili atasema inakimbia kweli, ila imepoa. Wa tatu atalalamika kwamba treni ilikuwa ikitetema na magoti yamemuuma. Wote watatu wanasema kweli, na hapo ndipo anayepanga safari yake ya kwanza ya rolakosta kubwa za chuma za Marekani anapochanganyikiwa: watu wamepita reli ileile kwa mwendo uleule, na bado maoni yao hayakutani popote.

Nimezichukua tatu ambazo kwenye karatasi zinafanana kama ndugu, kwa sababu hizi ndizo zinazobishaniwa zaidi na watu wanaopenda mwendo. Millennium Force iko Cedar Point, bustani ya burudani mjini Sandusky, Ohio, kando kabisa ya Ziwa Erie. Ilifunguliwa Mei 2000. Kimo chake ni mita 94, mwendo wake wa juu ni kilomita 150 kwa saa, na reli yake ina urefu wa mita 2,010. Fury 325 iko Carowinds, bustani iliyokaa juu ya mpaka wa North Carolina na South Carolina, na ilifunguliwa Machi 2015: kimo mita 99, mwendo kilomita 153 kwa saa, reli mita 2,012. Pantherian iko katika bustani ya Kings Dominion, Doswell, Virginia. Ilifunguliwa Aprili 2010 ikiitwa Intimidator 305, jina lililotokana na lakabu ya dereva wa mashindano ya magari Dale Earnhardt, na jina la Pantherian ikapewa mwaka 2024. Kimo chake ni mita 93, mwendo kilomita 145 kwa saa, na reli ni fupi kuliko za wenzake, mita 1,554.

Ukizitazama tarakimu hizo peke yake utadhani ubishi wote ni wa bure. Hakuna mwili wa binadamu unaoweza kutofautisha kilomita 150 na 153 kwa saa. Treni hizi hazina injini; zikishavutwa mpaka kileleni zinaachiwa, na kila kilomita ya mwendo inatoka kwenye kile kimo. Tena mwendo hauongezeki sawia na kimo: ukitaka uwe maradufu, inabidi kimo kiwe mara nne. Ndiyo maana Fury imeipita Millennium Force kwa mita tano na bado imepata kilomita tatu tu za ziada. Kwa hiyo mtu akikuambia hii ni kali kuliko ile kwa kuwa ni ndefu zaidi kwenda juu, mwache aendelee na yake. Tofauti iko kwenye kile ambacho wahandisi waliamua kuufanyia mwendo huo baada ya mteremko wa kwanza.

Millennium Force: mwendo ulio na nafasi

Hii ndiyo iliyoanza. Kabla yake hakukuwa na rolakosta yenye reli inayozunguka mpaka ilipoanzia iliyokuwa imevuka futi 300 (mita 91), na miezi michache tu baadaye Steel Dragon 2000 ya Nagashima, Japani, ikaipita kwa kimo. Kampuni ya Intamin iliijenga na kuipa kitu kilichokuwa kigeni kwa wengi: badala ya mnyororo, treni inavutwa na kebo. Hakuna ule mlio wa ta-ta-ta-ta unaokupa muda wa kujuta. Unainuliwa kwa ukimya na kwa haraka, mgongo umelala, ziwa likiwa limetandaa pembeni, na kabla hujamaliza kujiuliza kama umefunga mkanda vizuri uko juu. Kisha unateremka mita 91 kwa mwinamo wa nyuzi 80.

Baada ya hapo, Millennium Force haina haraka ya kukugeuza. Kona zake ni pana, zimeinama kupita wima kiasi kwamba kwa muda unakuwa kama umelazwa ubavu ukitazama ardhi, halafu zinakurudisha taratibu. Inapita kwenye mahandaki, inavuka kwenda kisiwani ndani ya bustani, inazunguka huko, inarudi. Anayeisifu anasifu jambo moja: hisia ya kusafiri. Unajua umetoka hapa ukaenda kule, kwa mwendo ambao hata barabara kuu haikupi, uso ukiwa wazi kwa upepo.

Anayeilaumu naye analaumu jambo hilohilo. Anataka kuinuliwa kitini. Kwenye vilima vya rolakosta kuna ule wakati treni inaanza kushuka huku mwili wako bado unataka kupanda, mapaja yanagusa kizuizi, tumbo linabaki nyuma. Wapandaji wazoefu wanaufuata wakati huo kama nyuki afuatavyo ua, na Millennium Force haiutoi kwa wingi. Mteremko wa kwanza unautoa, hasa nyuma. Kilima kidogo karibu na mwisho kinautoa kwa ghafla. Vingine vinakubeba kwa upole tu. Kwa mtu aliyezoea vilima vinavyomrusha, upole huo unaonekana kama uvivu.

Mimi nadhani lawama hiyo inaionea. Haikujengwa imrushe mtu, na anayeipanda akisubiri kurushwa ni kama aliyekwenda baharini kutafuta kivuli. Lawama ya kutetema nayo ina ukweli wake: ina zaidi ya miaka 20, na kwenye safu zilizokaa juu ya magurudumu mtetemo unasikika. Wakati treni inaingia stesheni, tazama chini ya mabehewa uone magurudumu yako wapi, kisha jipange kwenye safu isiyo juu yake. Kitu kidogo namna hii kinaweza kuyageuza maoni yako yote.

Pantherian: inayokukamua

Miaka kumi baada ya Millennium Force, kampuni ileile ya Intamin, kwa kebo ileile na kimo karibu kilekile, ilijenga kitu cha tabia tofauti kabisa. Mteremko ni nyuzi 85, yaani karibu wima. Chini yake inakusubiri kona ndefu ya kulia inayozunguka robo tatu ya duara, nawe bado una karibu mwendo wote. Hapo ndipo sifa na laana zote za Pantherian zilipozaliwa.

Kwenye kona ya namna hiyo mwili unakandamizwa kitini kwa uzito mara kadhaa ya wako. Damu inavutwa kuelekea miguuni, na sehemu ya kwanza kukosa kiasi chake ni macho. Kwanza rangi zinafifia, kisha pembeni kunaingia kiza, kisha unaona kama kwa tundu. Wengine wanapoteza fahamu kwa sekunde moja au mbili na kuzinduka wakiwa juu ya kilima kinachofuata. Mwaka wa kwanza, malalamiko yalikuwa mengi kiasi kwamba breki ziliwekwa kwenye mteremko ili kuipunguza kasi, na kabla ya msimu wa 2011 sehemu ya reli ya kona ile ilitolewa ikawekwa nyingine yenye mzunguko mpana zaidi. Hata vizuizi vya mabega vya mwanzo, vilivyokuwa vigumu na kugonga shingo, vilibadilishwa vikawekwa vya mikanda laini.

Hii inaeleza kwa nini maoni yake yanatofautiana sana. Aliyeipanda mwanzoni mwa 2010, aliyeipanda kipindi cha breki za kwenye mteremko, na aliyeipanda baada ya kona kurekebishwa, hawazungumzii mashine moja. Jina lilikuwa moja, uzoefu ulikuwa wa aina tatu. Ukikuta mtu anaisifu au kuiponda kwa maneno makali, uliza kwanza alipanda lini.

Hata ilivyo sasa, kiza kinawapata wengi. Kuna wanaokipenda, nami siwashangai, kipenda roho hula nyama mbichi. Wanasema hakuna kitu kingine kinachokupa hisia ya kwamba mashine imekushinda nguvu. Kisha zinakuja zile kona za kushoto na kulia zilizokaa chini karibu na ardhi, ambapo treni inabadilisha upande kwa ghafla kiasi kwamba mabega hayajui yaegemee wapi. Ni fupi na haipumziki.

Wanaoichukia wanasema wamelipa kuona dunia ikizimika, na kumbukumbu pekee waliyobaki nayo ni maumivu ya kichwa. Nao siwalaumu. Ila wengi wao walipanda vibaya: tumbo tupu, hawajanywa maji tangu asubuhi, jua kali, mwili umelegea. Ukiamua kuipanda, kula kitu chepesi saa moja kabla, kunywa maji ya kutosha, na treni inapoanza kuinuka kutoka chini ya mteremko kaza mapaja na tumbo, pumua kwa vipande vifupi, kichwa kiegemee nyuma. Marubani wa ndege za kivita hufanya jambo linalofanana na hilo kwa sababu ileile. Na kama una tatizo la moyo, shinikizo la damu, shingo au ujauzito, usiipande kabisa, hata rafiki zako wakikubembeleza vipi.

Fury 325: inayokimbia mpaka mwisho

Fury ilijengwa na Bolliger & Mabillard wa Uswisi, watu wanaojulikana kwa reli laini na kwa kutopenda kumuumiza abiria. Ndiyo sababu ilipotangazwa, baadhi ya wapenzi wa Intamin waliikunjia uso. Walitarajia kitu kikubwa kisicho na meno.

Waliyoyakuta ni mengine. Inapanda kwa mnyororo, polepole kuliko zile mbili, na hapo una muda wote wa kuiona bustani ikipungua chini yako. Inashuka mita 97 na nusu kwa nyuzi 81, kisha inafanya jambo ambalo Millennium Force hailifanyi: inautumia mwendo huo bila kuuacha upoe. Inapanda kwenye kona kubwa inayokulaza ubavu, inashuka tena, inapita kwenye mikunjo ya kushoto na kulia ikiwa chini na kasi, inageuka kwenye kona yenye umbo la kiatu cha farasi, halafu inazama chini ya daraja ambalo wageni wanalitumia kuingia bustanini. Anayetembea juu ya daraja anasikia ngurumo kwanza, kisha anaona nyuso. Nusu ya pili ni vilima, na huko ndiko unakoinuka kitini.

Nusu ya kwanza inampendeza anayetaka mwendo, ya pili inampendeza anayetaka kuelea. Naamini hiyo ndiyo siri yake: wapandaji wa tabia zote mbili wanashuka wakiwa wamepata chao. Katika kura za Golden Ticket zinazoendeshwa na gazeti la Amusement Today, Millennium Force ilikuwa imeshika nafasi ya kwanza ya rolakosta za chuma mara nyingi. Mwaka 2016 Fury ikaichukua. Wengine walisema ni kipya kinyemi ingawa kidonda. Lakini upya haudumu miaka, na Fury iliendelea kubaki juu misimu iliyofuata.

Lawama zake ni za aina mbili. Ya kwanza: ni laini mno, haina hatari ndani yake, inakupeleka kwa adabu. Naielewa, hasa kwa mtu aliyetoka Pantherian wiki iliyopita. Vilima vya nusu ya pili vinakuinua na kukushikilia hewani kwa muda, havikutupi. Ukiwa ni mtu wa kutupwa, utasema vimepoa. Ya pili ni ya usalama, nayo haifai kupitwa juujuu. Tarehe 30 Juni 2023 iligundulika kwamba moja ya nguzo zake imepasuka. Mgeni mmoja alipiga video iliyoonyesha nguzo ikiachana wakati treni inapita. Rolakosta ilifungwa, nguzo ikabadilishwa, ukaguzi ukafanyika, na ilifunguliwa tena Agosti 10 mwaka huohuo. Wapo ambao tangu siku hiyo hawataki hata kuitazama, na mtu hapaswi kudharauliwa kwa kuogopa nguzo iliyopasuka. Mimi ningeipanda bila kusita, kwa sababu baada ya tukio lile nguzo zake zimetazamwa kwa macho makali kuliko za rolakosta nyingi ambazo watu wanazipanda bila kuuliza.

Siti, saa, na mwili wako

Kabla hujaamini maoni yoyote, jua aliyeyatoa alikaa wapi. Treni hizi ni ndefu: Millennium Force inabeba watu 36 kwa mpigo, hizo nyingine mbili 32. Safu ya mbele inapofika ukingoni mwa mteremko, mabehewa ya nyuma bado yanapanda, kwa hiyo aliye mbele ananing'inia na kuutazama ule utupu kwa muda. Safu ya mwisho inapofika ukingoni, uzito wa treni umeshaanza kuvuta kwenda chini, hivyo aliye nyuma anang'olewa kileleni na kutupwa. Wawili hao wamepanda mteremko mmoja na watakusimulia hadithi mbili.

Kwa hizi tatu ushauri wangu haufanani. Millennium Force panda mbele kabisa hata kama foleni ya safu hiyo ni ndefu mara mbili. Uzuri wake ni upepo na upeo wa macho, na ukikaa katikati umeupoteza. Fury panda nyuma, mteremko wake wa kwanza huko hauna mfano. Pantherian kwa mara ya kwanza kaa katikati. Ukishajua mwili wako unaikubali kona ile, ndipo usogee nyuma.

Saa nayo ina neno. Asubuhi ya baridi grisi ni nzito na magurudumu hayajapata moto, treni inazunguka kwa uzito. Ikishazunguka mchana kutwa, jioni inakuwa nyepesi na kali. Aliyepanda saa nne asubuhi akasema imepoa na aliyepanda saa mbili usiku akasema imemtoa roho, tofauti yao inaweza kuwa hiyo tu. Manyunyu ni habari nyingine: kwa kilomita 150 kwa saa kila tone linapiga uso kama changarawe.

Halafu kuna vipimo ambavyo watu wengi wanavigundua wakiwa wamesimama mlangoni. Millennium Force inamruhusu mtu mwenye urefu wa sentimita 122, Fury na Pantherian zinataka sentimita 137. Familia yenye mtoto wa miaka tisa au kumi inaweza kukuta uamuzi umeshafanywa na kijiti cha kupimia. Kwa upande mwingine, mikanda ya Millennium Force inajulikana kwa kuwabana watu wenye miili mikubwa, na ni aibu isiyo ya lazima kuambiwa ushuke mbele ya treni nzima. Karibu na mlango huwa kuna siti ya majaribio. Jipime hapo kwanza, bila haraka, na usione haya. Mtu anayejipima amewaokolea muda hata walio nyuma yake.

Basi, uchague ipi?

Kama una safari moja na hutarajii nyingine karibuni, nenda Carowinds ukapande Fury 325. Nasema hivyo nikijua mapenzi ya watu kwa Millennium Force, na mimi pia naipenda. Lakini Fury ndiyo pekee kati ya hizi tatu ambayo sina haja ya kukuuliza kwanza wewe ni mtu wa namna gani. Ukipenda mwendo, upo. Ukipenda kuinuka kitini, kupo. Ukiwa na woga, ulaini wake utakubeba.

Millennium Force ichague ukisafiri na watu wa rika mbalimbali, au kama unataka siku nzima ya rolakosta na siyo moja tu, kwa kuwa Cedar Point ina nyingine nyingi za kuzijaza saa zako. Zingatia majira: bustani hiyo inafunguliwa Mei na msimu unaishia mwanzoni mwa baridi, kwa hiyo mwenye likizo ya Januari asijisumbue. Ichague pia kama umekuwa ukiisoma kwa miaka mingi na jina lake limekukaa moyoni. Sababu hiyo siidharau hata kidogo. Mtu aliyeingoja rolakosta moja tangu utotoni hafai kupelekwa kwingine kwa sababu ya kura.

Pantherian isiwe ya kwanza yako. Iwe ya pili au ya tatu, ukishajua mwili wako unafanya nini ukikandamizwa. Wapo watakaoipanda mara moja, washuke wakiwa weupe, na wasirudi. Wapo watakaoshuka, wasimame dakika tano wakishika chuma cha ngazi, kisha warudi kwenye foleni. Huwezi kujua wewe ni yupi mpaka upande.

Mwenye muda na gari anaweza kuunganisha mbili. Kati ya Doswell na Charlotte, ambako ndiko Carowinds iliko, ni mwendo wa saa tano hivi kwa barabara kuu. Anza Virginia siku ya kwanza, lala, kisha ushuke kusini. Ukifanya kinyume, ukatoka Fury ukaenda Pantherian, utafika ukiwa umezoea ulaini na kona ile itakuadhibu. Na ukifika Carowinds, usikimbilie Fury milango ikifunguliwa tu kama wanavyofanya wengi. Panda mara moja mbele mchana uione njia yake yote, kisha rudi saa ya mwisho kabla hawajafunga, taa zimewashwa, foleni imepungua, na uombe safu ya nyuma.